Simu ya Waliokwama

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla Jumatatu haijafika, maana nilichokifanya kimeninyima hata hamu ya kula, na mimi nanyonyesha.

Mume wangu yuko kwenye ofisi ya wakala wa safari, wale wanaokatia watu tiketi na kuwatafutia hoteli, na wana simu moja ndogo wanaiita simu ya waliokwama, wanapokezana yeye na dada mmoja wa pale kazini, wiki hii kwetu wiki ijayo kwake, ili msafiri akiachwa na ndege au akiibiwa pasi awe na mtu wa kumpigia. Sikuwa na neno. Mpaka Jumamosi moja asubuhi nikasikia kwenye ile simu mwanamke analia, "Usiniache huku peke yangu!" na mume wangu akajibu kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tulipokuwa wachumba, "Tulia, sikuachi. Uko wapi? Uko na nani? Unahitaji nini kwanza?" Halafu wakacheka wote wawili. "Leo umelia mpaka nimeogopa," akamwambia. Nikauliza nani huyo, akasema ni yule dada, wanafanya mazoezi, eti kila wiki mmoja anajifanya amekwama ili yakitokea ya kweli wasibabaike, na yale maswali matatu yamebandikwa ukutani ofisini. Mazoezi! Mshauri, mtoto alipopata homa nililia mbele yake, mimi akaniambia, "Punguza sauti, utamwamsha."

Basi wivu ukanishika. Jumamosi iliyopita ameingia bafuni, simu ikaita, mwanamke analia, nikamwambia, "Lia vizuri dada, leo umempata mwenye mume. Hapa si hoteli!" nikakata, nikaizima, nikaifukia kwenye nepi za mtoto, nikajiona nimeshinda.

Kumbe hakuwa yule dada. Alikuwa bibi mmoja na mjukuu wake, daraja limesombwa na maji, basi limewashusha njiani. Bahati karatasi yake ya safari ilikuwa na namba ya pili, akampata yule dada, ndiye aliyewatafutia gari na pa kulala. Mume wangu alipoikuta simu kwenye nepi hakunigombeza hata kidogo, amemwambia bosi iliisha chaji, lakini bosi hajaridhika, amesema Jumatatu akaeleze vizuri la sivyo atafute kazi nyingine. Na yule dada anajua, bibi alimsimulia maneno yangu yote, ila hajamwambia bosi, na hilo ndilo linanichoma zaidi, kwa nini amfichie siri mume wangu? Niende nikaseme, au ninyamaze? Nampenda, na bado naamini tutakuwa sawa.

Mama wa Mmoja

*

Mama wa Mmoja,

Pole. Nilikuwa nakuonea huruma mpaka nilipofika kwenye nepi, hapo nikavua miwani. Bibi wa watu yuko barabarani na mtoto, unamwambia hapa si hoteli! Na hoteli ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

Yule dada hamfichii mumeo siri, mdogo wangu. Anakufichia wewe. Angekuwa na nia mbaya, saa hizi ungekuwa kichekesho cha ofisi nzima. Wanajizoeza kulia kwa simu kama zimamoto wanavyokimbia na mipira ya maji mahali pasipo na moto. Kazi hiyo.

Mwambie mumeo leo leo kwamba unakwenda, asije akashtuka kukuona mlangoni. Jumatatu mbebe mtoto, simama mbele ya bosi, useme: "Simu niliizima mimi." Maneno matatu. Machozi yaache nyumbani. Kisha mshukuru yule dada, umwombe akuunganishe na yule bibi umtake radhi. Na simu ile usiiguse tena. Ikiita yuko bafuni, gonga mlango atoke na povu lake.

Ila kuhusu "punguza sauti", hapo una haki, na ninamwambia mumeo kama anasoma: aibu yako! Lakini uchungu huo ulimpelekea bibi asiyehusika, mwenyewe hukumwambia. Kwa hiyo nanyi fanyeni zoezi lenu. Mtoto akilala mchana, mketishe mumeo, mwambie umekwama. Akuulize yale maswali yake matatu, na wewe usinune. Mjibu: niko hapa hapa kwako, niko na mwanao, nahitaji kwanza unisikilize.