Pamba Amekua

Nyumba ya kona, mlango wa bluu,
Nyuma ya karakana ya magodoro.
Jumatano, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu zangu, na za nyumba nzima nyuma yangu. Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekula na umelala. Kama hujala, iweke mezani kwanza ukale, maana ni ndefu na mimi si mwandishi. Kazi yangu ni kuandika tarakimu, unajua.

Sisi hapa hatujambo. Wifi yako analalamikia mgongo, lakini huo mgongo ni wa siku zote. Mama mdogo alikuja kwa mazishi na hajaondoka bado. Anaosha vyombo ambavyo vimekwisha kuoshwa na hakuna anayemkataza. Mimi pia ni mzima. Nakula nikiambiwa kula, nalala nikiambiwa kulala. Daktari akinipima leo hataona kitu.

Simu yako inaita mpaka inakata. Sikulaumu. Nikwambie kweli, kila ninapokupigia huwa naomba moyoni usipokee, maana sijui nitakwambia nini. Nilianza ujumbe mfupi mara tatu nikaufuta. Haya ninayotaka kukwambia hayaenei kwenye ujumbe mfupi.

Mazishi ya Mama yalikwenda vizuri. Watu walikuwa wengi, na wengi wao walivaa nguo alizoshona yeye. Nilisimama pale nikihesabu nguo za Mama kwenye miili ya watu. Nilifika kumi na tisa, kisha mtu akanishika mkono na hesabu ikanipotea. Hiyo ndiyo kumbukumbu niliyo nayo ya siku ile, mdogo wangu. Ningependa kukupa nyingine ila sina.

Siku ya tatu nilirudi kazini. Nilizunguka na kitabu changu kusoma mita za maji kama kawaida, na mtaa mzima nikaandika tarakimu za mwezi uliopita. Nyumba moja niliisoma mara mbili, mwenyewe akaniuliza maji yake yana utamu gani. Mkuu wa zamu aliniita, akanitazama, akanirudisha nyumbani wiki nzima. Ndiyo maana nina nafasi ya kuandika.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe, ambalo ni Pamba.

Mama alifia kibandani kwake, mchana, kwenye kile kiti chenye mto. Mama Vifungo, fundi mwenzake, alidhani amesinzia. Aproni yake nililetewa ndani ya mfuko, nami niliuacha mfuko huo nyuma ya mlango hadi Jumatatu. Nilipoufungua, nilikuta mfukoni mwa aproni utepe wa kupimia, chaki, na kile kimashine chako cha mchezo kikiwa kimekunjwa. Kilikuwa hakijazimwa. Taa yake ndogo nyekundu ilikuwa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Nikakichomeka kwenye umeme kabla hata sijafikiri.

Unakumbuka ulivyomwachia? Ulikuwa na miaka kumi na tisa, begi liko mlangoni, nawe umekaa sakafuni unamfundisha Mama kubonyeza vitufe. Ulimwambia huyu ndiye mnyama wa kwanza uliyemkamata, kwenye majani marefu nje ya kijiji cha kwanza, na mchezo ulimpa jina la kigeni ambalo hakuna aliyeweza kulitamka, ndipo ukamwita Pamba. Mviringo mweupe wenye macho mawili kama vifungo vya shati, miguu haionekani, na sauti kama bawaba isiyotiwa mafuta. Wanyama wenzake wote walikuwa wameshakua na kuota mabawa na pembe, ila yeye ulimkatalia. Ulimshikisha lile jiwe jeusi la mchezoni, ambalo mnyama akilishika hakui hata ashinde vita elfu. Ukamwambia Mama, "Asikue mpaka nirudi. Nataka nimwone kwa macho yangu."

Mama alilichukua hilo kama agizo la mteja aliyeacha kitambaa. Miaka kumi na moja! Kila mchana akishakula alikuwa anakunjua kimashine na kumpeleka Pamba vitani, dakika ishirini, na miwani kwenye ncha ya pua. Wateja walizoea. Alikuwa akishinda anampongeza kwa sauti, akishindwa anamwambia pole baba, utapona. Mimi nilimcheka sana kwa jambo hilo. Nilikuwa namuuliza kama mjukuu wake hajambo.

Basi nilikikunjua. Mama alikuwa amekiacha katikati ya vita. Pamba alikuwa upande mmoja, na upande wa pili dudu moja kubwa lenye magamba, limebakiwa na uhai kidogo sana. Katikati ya vita mchezo haukubali kuhifadhiwa. Ama umalize, ama uzime upoteze kila kitu tangu mara ya mwisho ulipohifadhi. Nilibonyeza kitufe kimoja tu, kile ambacho nilimwona akikibonyeza daima. Dudu likaanguka. Pamba akapanda ngazi, kutoka tisini na mbili hadi tisini na tatu. Nikasema vizuri, nimemalizia kazi ya Mama.

Kisha kioo kikawa cheupe, na muziki ule ukaanza. Niliujua mara moja, maana utotoni ulikuwa unatupigia kelele nyumba nzima kila unapoanza, "Kataa! Kataa! Bonyeza kabla hajakua!" Nilijua ni kitufe gani. Kidole changu kilikuwa juu yake. Sikukibonyeza, Chiriku. Sikuwa nimekusudia kukukomoa, wala sikuwa nimesahau. Niliangalia tu, kama nilivyoangalia kila kitu wiki ile. Muziki ukaisha, na Pamba akawa amekua.

Sasa ni mrefu, ana shingo, ana pembe zilizopinda nyuma na manyoya yanayoburuzika. Macho ni yaleyale mawili ya vifungo. Nilijiambia lazima katika kubabaika nilibonyeza kitu kikaliangusha lile jiwe. Nilikaa na kimashine mkononi mpaka wifi yako akaja kuniuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna.

Sijakihifadhi. Hilo ndilo ninalokuandikia. Nikizima bila kuhifadhi, Pamba atarudi kuwa yule mdogo uliyemwacha, lakini mchana wa mwisho wa Mama utafutika, kila hatua aliyopiga humo siku ile. Nikihifadhi, mchana huo utabaki, ila Pamba wako mdogo hatarudi tena. Tangu Jumatatu kimashine kiko mezani kimechomekwa, umeme ukikatika nakikimbilia kama anayekimbilia mgonjwa. Mwenye mnyama ni wewe. Niambie nifanye nini.

Na kuna jingine, bora niliseme hapa. Jumanne, siku mbili kabla hajafa, ulimpigia ukamwambia umepata kazi ya kudumu na hutarudi kuishi huku. Mama alikata simu akasema, "Amepata kazi ya kudumu. Vizuri." Akaendelea kukunja upindo wa gauni. Alipofariki Alhamisi, lawama nilikuwekea wewe. Sikumwambia mtu, lakini niliweka. Na ninajua kwa nini hupokei simu, kwa sababu nawe umejiwekea vilevile.

Ijumaa, tarehe 16.

Sikuipeleka barua posta. Afadhali.

Leo asubuhi, kwa kukosa la kufanya, nilifungua begi la mchezo, lile ambamo dawa na vifaa vya safari vinawekwa. Nilitaka kulitafuta jiwe. Nililikuta humo, limepangwa mahali pake, mwisho wa orodha. Nikashangaa. Kitu kikidondoka hakiendi kujipanga. Na vitani begi sikuligusa, nakuapia; nilibonyeza kitufe kimoja tu, na hicho hakivui jiwe. Nilirudia kulifikiria hilo mara nyingi kama mtu anayetafuta bomba linalovuja. Jiwe lilikuwa limevuliwa kabla ya vita kuanza, na aliyekuwa na kimashine kabla ya vita ni mtu mmoja.

Mchana Mama Vifungo akaja. Alileta vitu vya kibandani, mkasi mkubwa, sanduku la nyuzi, na daftari la vipimo. Alikaa, akanywa maji, akasema Mama alikuwa mchangamfu siku ile kuliko alivyomwona mwaka mzima. "Aliniambia leo kuna mteja wake wa siku nyingi atapimwa upya," akasema. "Nikangoja nimwone huyo mteja. Hakuja mtu."

Unalijua daftari la Mama. Kila mteja ana mistari yake: tarehe, urefu, kifua, kiuno, na pembeni neno la kumkumbusha. Kwa watoto aliandika "acha upindo", kwa wale wa harusi "anadai atapungua". Na jina la mteja hutangulia kuliandika kabla hajafika, vipimo vinajazwa akishasimama mbele yake. Nimelipekua ukurasa baada ya ukurasa. Wewe umo, siku moja kabla ya kuondoka, urefu mita moja na sentimita sitini na moja. Na chini yako, Pamba.

Usicheke. Au cheka. Amemwandika miaka yote, mara moja kwa mwaka, siku yako ya kuzaliwa. Kile kitabu cha wanyama ndani ya mchezo hutaja urefu wa kila mnyama, akauchukua huko. Pamba, nusu mita. Pembeni: bado. Mwaka uliofuata, Pamba, nusu mita, bado. Nimehesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Bado kumi na moja.

Halafu kuna ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Tarehe ni ya Alhamisi ile, mwandiko umenyooka, hakuna mkono uliotetemeka. Pamba. Urefu, pameachwa wazi. Na pembeni, mahali pa "bado", ameandika: "Akue tu."

Nilimsomea Mama Vifungo. Akaniuliza kama huyo mteja amekua kweli. Nikamwonyesha. Akamtazama kwa jicho la ufundi akasema huyo atakula mita nne za kitambaa bila kola.

Chiriku, hakuvunjika moyo. Sikiliza kaka yako. Alikusikia Jumanne, akalifikiria Jumatano, na Alhamisi akala chakula chake cha mchana, akamvua Pamba jiwe, akampeleka vitani ili akue, na akaweka nafasi kwenye daftari aje kumpima. Mtu aliyekata tamaa haachi nafasi ya kujaza. Nilikosea kukuwekea, nisamehe. Nawe jiondolee.

Saa tisa nimehifadhi. Sikungoja jibu lako, na kwa hilo sikuombi radhi, kwa sababu maagizo ya mwisho ni ya Mama. Kisha nimekizima kimashine, mara ya kwanza tangu alipokikunja. Taa imezimika na hakuna kilichotokea. Nilibaki nimekaa. Baadaye nikahisi njaa, njaa ya kweli, tumbo linanguruma. Nimekula sahani mbili. Wifi yako alisimama mlangoni ananiangalia, akaenda kumwita Mama mdogo naye aje aangalie. Kulia sijalia bado. Nadhani kunakuja.

Nafasi ya urefu nimeijaza mimi, kwa kalamu ileile ya Mama. Mita moja na sentimita sabini na tano. Amekupita. Na chini ya picha yake mchezo bado umeandika jina lako, kwamba ndiye mwenyewe. Huko hakuna kilichobadilika.

Kimashine nitakifunga kwenye kitambaa na kukutumia pamoja na daftari, mfanyakazi mwenzangu ana ndugu anayesafiri kuja huko mwezi ujao. Ukirudi kutembea, utarudi. Usiporudi mwaka huu, hakuna mtu hapa aliyeshikishwa jiwe.

Wifi yako anakusalimu, anasema ule. Mama mdogo anakusalimu sana, anasema sufuria yako ya utotoni ameiosha. Mama Vifungo naye anakutumia salamu na vifungo sita vyeupe, nimevibandika hapa chini kwa gundi, angalia visipotee. Mungu akulinde huko uliko, akubarikie hiyo kazi ya kudumu, na akuzungushie watu wa kucheka nao.

Nitakupigia kila Jumapili saa kumi alasiri. Safari hii naomba upokee.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye tangu ulipokuwa nusu mita,

Mita.