Pua Uliyoniachia

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini nikianza bila shikamoo utasema shule ya Kiingereza imeniharibu.

Mahindi ya Maposeni yamebeba. Juzi nilipita kule na kaka, nikakumbuka ulivyokuwa unazima pikipiki mwisho wa shamba, unainua uso na kunusa. "Mvua hiyo," unasema, na mimi huko nyuma nainua wangu. Kweli, tunalowa kabla hatujafika Peramiho. Ulisema pua zetu ni kubwa kwa sababu zina kazi.

Basi nikukirie jambo. Darasani wananiita Soketi. Wanasema matundu yangu yanatosha kuchajia simu. Huwa nacheka nao, halafu nikiwa peke yangu naibana pua kwa vidole, najitazama kwenye kioo.

Dada yako, Shangazi, alifanyiwa upasuaji wa pua nje ya nchi. Walichukua gegedu, ule mfupa laini, la ubavuni wakamwinulia hapa juu, pembeni wakapunguza. Nikamwandikia kwenye simu: Shangazi, na mimi nataka. Akajibu kwamba nikimaliza kidato cha nne atanipeleka.

Pasaka alikuja hapa nyumbani Lizaboni. Amependeza, Baba, siwezi kudanganya. Mama alimpokea, wakacheka sana, kisha Mama akaenda jikoni akakaa tu. Nilipomfuata akasema taratibu, "Zamani akicheka nilikuwa namwona baba yako."

Toka hapo nikataka kumwambia Shangazi kwamba sitaki tena. Mdomo ukagoma. Ndiye anayenisomesha tangu uondoke, na mimi unanijua, hata kuomba chumvi mezani naona aibu. Ningeanzia wapi?

Ndipo nikakumbuka hadithi uliyopenda kunisimulia. Nilipozaliwa, bibi mzaa mama alikuja kuniogesha. Kila akimaliza kunipaka mafuta ananibana pua na kuivuta ili iwe nyembamba, kama wanavyofanya wanawake wengi. Mkwe wako, usingeweza kumkosoa usoni. Ukasimama nje ya mlango, ukaniambia mimi, kichanga: "Mwanangu, mwambie bibi hiyo pua ni yangu, aiache." Na yeye akapitisha jibu kwangu: "Mwambie baba yako nimesikia." Kila ukifika hapo ulicheka mpaka unakohoa.

Jumatatu ya Pasaka Shangazi alimwogesha mtoto wa kaka, mjukuu wenu. Pua ni ileile yetu, ungemwona. Akampaka mafuta, vidole vikapanda puani, vikaanza kuvuta. Mimi nilikuwa nimeshika taulo. Nikamwinamia mtoto, nikamwambia, "Mwambie bibi hiyo pua ni ya babu yako, aiache. Na ya shangazi yako pia aiache."

Vidole vikasimama. Shangazi hakunitazama. Akachukua taulo mikononi mwangu, akamfunga mtoto polepole, akamfuta na masikio. Kisha akamwambia, "Mwambie shangazi yako nimesikia."

Sijui kama nitaipenda pua hii, Baba. Shule ikifunguliwa, Soketi atakuwa Soketi. Ila nimetoka uani sasa hivi, nikainua uso kama wewe. Mvua hiyo. Ngoja nikaanue nguo kabla Mama hajaita.

Pumzika, Baba.

Ni mimi binti yako, wa nyuma ya pikipiki.