Maktaba Isipojua, Hukisia

Jumatano, Wamagana. Ukungu haujatoka tangu asubuhi, nami sina raha hata kidogo.

Wiki hii ninaandika upya mwongozo wa maktaba yetu ya programu, ile inayowezesha kompyuta kutumia kamera. Kila kamera ina kihisi, kipande kinachopokea mwanga, na kila modeli ya kihisi inahitaji kiendeshi chake, yaani programu ndogo inayozijua rangi zake. Maktaba huuliza kihisi namba ya modeli, kisha hupitia orodha kutoka juu hadi ipate kiendeshi kinacholingana.

Mwaka jana niliandika: "Maktaba huchagua kiendeshi sahihi yenyewe." Sentensi tamu. Sikuwa nimesoma msimbo wa maktaba, yaani maagizo yake yenyewe, hadi mwisho.

Jumapili baada ya kanisa, tata, dada yake mama, aliniomba nimpeleke Nyeri kwa daktari wa macho. Nilipouliza kwa nini, alinong'ona. Kiwanda anakopeleka kahawa kinatumia kamera kukagua kama imeiva. Kamera ilisema yake ni mbichi, akaambiwa mbele ya foleni nzima arudi achague, atoe mabichi. Akachuchumaa juu ya gunia. Hakuona tunda bichi hata moja. Akatoa machache yaliyoiva, ili aonekane ametii.

Nilimpigia fundi wa kiwanda, maana kamera yao hutumia maktaba yetu. Kihisi kiliharibika, akaweka cha modeli mpya, akauamini mwongozo wangu.

Jana nikausoma msimbo wote. Modeli isipokuwa kwenye orodha, maktaba huchukua kiendeshi cha modeli inayokaribiana nayo na kuendelea kimya kimya, kama mtu aliyesahau jina lako na anaona haya kuuliza.

Hukisia tu.

Tata amechuma kahawa tangu kabla sijazaliwa, na sentensi yangu imemfanya asiyaamini macho yake. Nimeona aibu sana.

Leo nimeandika: "Modeli isiyo kwenye orodha hukisiwa; hakikisha mwenyewe." Fundi amezima kamera. Kisha nikaenda kwa tata, nikamweleza kila kitu. Aliendelea kumenya viazi.

"Kwa hivyo macho yangu iko sawa?"

"Iko sawa kabisa, tata."

"Basi usiniambie mimi hapa jikoni. Enda uwaambie hao watu wa laini."

Mwongozo ule niliuandika bila kuweka jina langu. Kesho alasiri, kahawa ikianza kupokelewa, nitasimama mbele ya foleni na kulitaja.