Faili Lisilo na Kibanio

Jumatatu, 3 Machi

Bosi kaniita. Anataka jibu kwa maandishi kabla ya Ijumaa ya wiki ijayo: tubaki na programu yangu, au hospitali inunue mfumo mkubwa? Eti mimi ndiye mtaalamu. Mtaalamu! Nilichoka tu kuandika meseji zilezile kila siku — usikose kliniki kesho, usikose kliniki kesho — nikapakua toleo la bure, la mtu binafsi, nikalipanga lizitume kutoka kwenye laptopu yangu. Sasa wagonjwa mia nne wananing'inia kwenye laptopu ambayo hata kuwaka ni mpaka uibembeleze.

Mama Masijala kacheka mpaka kashika kiuno. Ndiye mtunza mafaili wetu, mwaka wa ishirini na sita huu. Kila asubuhi nampelekea orodha, anaipitia na kalamu yake ndipo nabonyeza. Mgonjwa akifariki na habari ikitufikia, faili lake analibana na kibanio chekundu cha nguo, na jina analikata. Hakuna aliyemwagiza. Zamani alimpigia mwanamume mmoja kumuulizia mkewe, kumbe wametoka kumzika jana yake. Hajasahau.

Jina moja halifiki hata kwake. Nimeiambia programu iliruke. Mama yangu. Alitutoka akiwa nyumbani, Desemba. Simu yake baba anaichaji kila siku na anatembea nayo kwenye mfuko wa shati.

Jumatano, 5 Machi

Muuzaji wa mfumo mkubwa amekuja. Viatu vinang'aa, mdomo asali. Kumbe ni programu ileile yangu, ila hili ni toleo la kampuni. Lina leseni za watu thelathini na seva yake, halilali, haliumwi. Nimemuuliza nani ataipitia orodha kabla ya meseji kuondoka. Akasema hiyo ndiyo raha yake, hapitii mtu! Bosi akaitikia kwa kichwa. Mama Masijala alikuwa mlangoni, mafaili kifuani. Kasikia yote.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua. Ile yangu ibaki. Simuuzi Mama Masijala, mtu aliyenifundisha kazi.

Jumanne, 11 Machi

Aibu gani hii! Jana homa ilinilaza, na laptopu ikalala nami nyumbani. Meseji sitini na moja hazikwenda. Leo bibi mmoja kaletwa kupasuliwa jicho, ameshakunywa chai na mkate, maana hakuna aliyemwambia asile kitu. Karudishwa. Nafasi nyingine ni Mei. Binti yake hakupiga kelele, heri angepiga. Aliniuliza tu, dada, hakukuwa na mwingine wa kubonyeza?

Hakukuwa. Nywila yangu, laptopu yangu, mpaka mkoba ni wangu. Mama Masijala aliwahi kuomba nimwelekeze, nikamwambia asijisumbue. Nilipenda kuwa mtu ambaye bila yeye mambo hayaendi. Haya, hayakwenda.

Ijumaa, 14 Machi

Nimempa bosi barua. Nimependekeza mfumo mkubwa. Ningeandika nini kingine? Jicho la bibi wa watu haliwezi kutegemea homa yangu. Chini nikaongeza mstari: Mama Masijala abaki, aendelee kupitia orodha. Bosi kasoma, kasifu uandishi wangu, kisha kaukata ule mstari.

Mama Masijala anaondoka mwisho wa mwezi. Nimemwambia mwenyewe, asije akasikia kwenye korido. Akasema, ahsante mwanangu, umenistahi. Natamani angenitukana. Nimekula chakula cha mchana chooni ili nisionekane nalia.

Jumatano, 19 Machi

Kesho mfumo unaanza. Siku mbili nzima tunahamisha orodha. Mama Masijala anasoma mafaili yenye vibanio, mimi naweka alama ya "amefariki". Mia moja na tisa! Huyu alikuwa mtani wangu, anasema. Huyu aliniazima mwavuli, sijarudisha mpaka leo. Mfumo hautabakiza hata mwavuli.

Kisha nikakuta hauna pa kuruka jina. Nimempigia muuzaji. Anasema mgonjwa ama yuko hai ama amefariki, na aliye hai lazima apate meseji. Kufuta namba? Haiwezekani, mfumo unakataa faili la aliye hai lisilo na namba.

Nikaenda kabatini kulitoa faili la mama. Halina kibanio. Mama Masijala, nikamwambia, hukubana hili? Na msibani ulikuja, ulikaa jikoni siku tatu!

"Nilijua, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nakungoja wewe."

Akaweka kibanio juu ya meza yangu, akaenda zake kufunga madirisha.

Alhamisi, 20 Machi

Saa nne kasorobo asubuhi. Meseji zinaondoka saa nne kamili. Mama ana kliniki kesho, ya miezi mitatu mitatu, alipangiwa tangu yuko hai. Nimezipitia alama zote mia moja na tisa. Imebaki hii.

Nimempigia baba nimtayarishe. Akauliza kama nimeshakula. Nikasema nimekula. Akasema simu ya mama yako ina chaji asilimia mia, nikasema vizuri baba, nikakata. Mwoga mimi! Meseji ikilia atavaa miwani, ataisoma kwa sauti, atakwenda kabatini kutafuta kadi yake ya kliniki. Namjua.

Na nikiweka alama, ni mkono wangu ndio utakaokuwa umeandika. Miezi mitatu nimesema mama amepumzika, mama ametutoka. Lile neno lenyewe sijaliandika popote, hata humu.

Saa nne kasoro dakika tano. Mama Masijala kasimama nyuma ya kiti changu. Kibanio kiko mkono wa kushoto. Nimebonyeza ile alama mara moja. Mfumo unauliza kama nina uhakika.

Kasoro dakika tatu. Bado unauliza.