Wote Walikuwa Wanatazama Mpira

Jumanne, 12 Januari

Nimeanika dagaa mapema. Bwire amekataa uji, anataka titi tu, na meno yameshatoka. Ananiuma. Mama mkwe anacheka. Anasema Masatu naye alikuwaga hivyo hivyo, akaachishwa kwa pilipili.

Barua ya mume wangu Masatu imefika toka Marekani. Fupi. Yupo salama, baridi kali. Chuoni wanamlisha mara tano kwa siku, na kabla ya kulala anakunywa maziwa mengine. Wanataka awe mzito zaidi kabla ya siku ya kuchaguliwa na timu za kulipwa. Nimeisoma nikiwa natafuna muhogo. Sikuona wivu. Niliona ajabu tu. Sisi tumekua kwa foleni ya sukari, na sasa kuna mtu analipiwa chakula ili anenepe.

Siku hizi maduka ya Nyakato, hapa Musoma, yamejaa. Sabuni za kila rangi. Unaangalia, unapita.

Alhamisi, 21 Januari

Jirani kaniuliza tena mume wangu anacheza nini huko Marekani. Nimechoka kueleza. Sio mpira wa miguu. Mpira wenyewe una umbo la papai changa. Kuna mmoja anautupa, na mbele yake wanasimama wanaume watano wakubwa kuzuia adui wasimfikie. Masatu ni mmoja wa hao watano. Wanazuia huku wanarudi nyuma hatua ndogo ndogo, makalio chini. Mpira wenyewe hagusi. Miaka minne hajaugusa.

Shemeji Majura, mdogo wake, anamwitaga askari wa getini.

Mwalimu Keni ndiye aliyemwona. Ni Mmarekani, anafundisha sekondari ya misheni karibu na kwetu Nyamuswa. Alikuja ziwani likizo akakuta vijana wanavuta kokoro, ule wavu mrefu unaovutwa kutoka nchi kavu. Masatu alikuwa wa mwisho kwenye kamba, anatembea kinyumenyume, na hakuna aliyeweza kumyumbisha. Mwalimu akasema kwao watu wanafundishwa miaka kutembea vile. Basi ikawa barua, pasipoti, chuo. Mwaka juzi alirudi likizo tukafunga ndoa. Akaondoka. Bwire alizaliwa baba yake hayupo.

Jumamosi, 30 Januari

Mwalimu Keni ametuma ujumbe. Ameletewa kanda ya video. Mechi ya mwezi wa kumi na moja, Masatu yumo. Jumamosi ijayo ataionyesha shuleni.

Nimefua kitenge changu kizuri. Nina furaha mpaka nimeunguza mboga.

Jumapili, 7 Februari

Nipo Nyamuswa kwa mama yangu mzazi. Sijalala.

Jana tulikuja, mimi, Bwire, mama mkwe na Majura. Tulishinda njaa Bunda tukingoja gari, sikujali. Darasa lilijaa. Walimu, wanakwaya, watoto madirishani. Jenereta nje inapiga kelele. Mwalimu Keni akaonyesha kwa fimbo, huyu hapa. Wote wamevaa makofia makubwa, wote wanene, wanafanana. Mara moja watu wakampoteza. Mzee mmoja akauliza kama ni yule anayekimbia. Majura akamwambia huyo ni mfupi, babu, hata kokoro ingemburuta.

Mimi sikumpoteza. Nilimjua kwa makalio. Naandika hivyo hivyo, hakuna anayesoma hapa. Anavyoshuka, anavyorudi nyuma kama ana kamba kiunoni. Nilimwangalia yeye tu. Mpira sikuuona hata mara moja.

Halafu mtu alimwangukia mguu kwa nyuma. Wakati huo huo yule mfupi alichomoka na mpira. Darasa lote likasimama. Mama mkwe akapiga vigelegele. Picha ikamfuata mwenye mpira, lakini pembeni, kabla hajatoka kwenye kioo, nilimwona Masatu yuko chini. Anapiga ardhi kwa kiganja. Mara mbili, tatu. Kisha hayupo.

Picha iliporudi, mahali pake alikuwa amesimama mwingine. Mwembamba kidogo. Mpaka mwisho alikuwa yule.

Hakuna aliyeona. Wote walikuwa wanatazama mpira. Majura alibebwa mabegani. Mama mkwe alinikumbatia huku analia kwa furaha, akasema nimshukuru Mungu kwa mume. Nikashukuru.

Jumatatu, 8 Februari

Niliwaacha wenzangu warudi Musoma, nikasema mama yangu anaumwa mgongo. Nilienda shuleni peke yangu na mtoto mgongoni. Nikamwomba Mwalimu Keni arudishe ile kanda.

Aliirudisha. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasimamisha picha, akavua miwani, akaisogelea TV. Akasema hata yeye alikuwa anafuata mpira. Akasema samahani, kama vile ni yeye aliyemwangukia.

Masatu ameandika barua ngapi tangu mwezi ule. Yupo salama, yupo salama.

Alhamisi, 11 Februari

Posta ya Musoma. Mwalimu Keni alikuja mwenyewe kuomba simu ya mbali. Tulikaa kwenye benchi tangu asubuhi. Ilipopatikana ilikuwa jioni na Bwire alikuwa analia.

Sauti yake ilikuwa karibu sana. Niliogopa.

Nikamwambia, "Nimeona umeanguka."

Nikadhani imekatika. Halafu akasema, "Mama ameona?"

"Hapana. Walikuwa wanatazama mpira."

Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha puani. Akasema ni goti. Wamelipasua, wameshona, anafanya mazoezi. Timu zile za kulipwa zitakutana mwisho wa mwezi wa nne kuchagua vijana. Daktari anasema labda litakuwa tayari, labda.

"Usimwambie mama. Mpaka siku ile ipite. Mama Bwire, nakuomba."

Nikasema sawa. Nikamweka mtoto kwenye simu. Bwire akanyamaza kabisa, akalamba simu. Mtumishi wa posta akakasirika.

Nimekasirika na mimi. Miezi mitatu amelala na maumivu peke yake, na mimi huku nilikuwa naombea uzito wake uongezeke.

Jumapili, 7 Machi

Kuficha kitu ndani ya chumba kimoja ni kazi. Mama mkwe ananiangalia usoni, anauliza kama nina mimba. Mimba ya nani, mama.

Kanisani wamemwombea Masatu kwa jina. Majura ameacha kibarua kwenye kiwanda cha minofu ya sangara, anasema hawezi kunuka samaki na kaka yake anaenda kuwa tajiri. Nilimwambia asubiri kwanza. Akasema, "Shemeji, wewe huna imani." Nikaingia ndani nikalia kwenye gunia la dagaa.

Alhamisi, 18 Machi

Barua ya Masatu. Ya kweli sasa, ndefu. Wamempima. Urefu wa mikono, upana wa viganja, kama fundi anayeshona suti. Wamemkimbiza umbali mfupi. Aliumia lakini alimaliza. Kisha madaktari wa timu, mmoja baada ya mwingine, wakavuta goti huku na huku mbele ya watu wanaoandika. Anasema alikumbuka mnada wa ng'ombe. Tofauti yake ng'ombe havuliwi nguo.

Kocha wake anamwambia watu wa mstari, wale wazuiaji, hawaivi haraka. Timu inaweza kumchukua hata kama hayuko tayari, ikamtunza mwaka mzima kwenye mazoezi, ikamfundisha miguu na mikono upya. Inahitajika moja tu iwe na subira.

Moja tu. Natumaini. Usiku naomba goti, sio uzito tena.

Jumapili, 11 Aprili. Pasaka

Ndugu wa kijijini Buswahili wameleta beberu la sherehe. Limefungwa nyuma ya choo, linakula kanga zetu. Mama mkwe ameshapanga nani atapika, nani ataalikwa. Ananiambia tutajenga kwa bati, tutatoka kwenye hiki chumba, na Bwire ataenda kumjua baba yake huko Marekani, amevaa viatu.

Nilitaka kusema. Mdomo ulifunguka. Nikauliza chumvi iko wapi.

Jumatatu, 26 Aprili

Ndiyo siku. Jana na leo wanachagua. Zile timu zinakaa, kila moja inataja jina kwa zamu. Mwalimu Keni atapigiwa simu ya misheni, ile ya kupokea tu, Majura yupo kwake anangoja.

Sijafanya chochote. Bwire amesimama peke yake, akapiga hatua, akaanguka kwa matako, akashangaa. Nikampigia makofi. Mama mkwe amesema hiyo ni dalili.

Jumatano, 28 Aprili

Majura amerudi asubuhi. Nilimwona anakuja, amebeba shati mkononi. Nikajua.

Majina yote yamesomwa. La kwake halikuwemo. Hata baada ya majina hakuna timu iliyompigia simu.

Mama mkwe akauliza kwa nini. Mtoto mkubwa vile, kwa nini. Majura akasema goti. Goti gani. Akasema Mwalimu Keni amemwambia liliumia kwenye ile mechi, na kwamba mke wa Masatu ndiye aliyeona.

Mama mkwe alinigeukia pole pole.

"Ulijua."

"Nilijua, mama."

"Nilipiga vigelegele mwanangu yuko chini, na wewe umekaa pembeni yangu unanitazama."

Ningesema aliniomba, lakini ilikuwa kama kumsukumia yeye.

Jumapili, 9 Mei

Beberu limerudishwa Buswahili. Majura ameomba kazi yake tena, wamemwambia nafasi imejaa. Mama mkwe haongei na mimi. Anamwambia Bwire, "Mwambie mama yako chai iko tayari." Bwire anasema ba ba ba.

Kanisani wanatupa pole kana kwamba kuna msiba. Wengine wanasema walijua tu, mchezo gani mtu hagusi mpira.

Masatu ameandika kwamba anarudi mwezi wa sita. Hakuna timu, na kibali cha kukaa kinaisha na masomo. Mistari minne. Mwisho ameandika nisiende kumpokea.

Jumamosi, 19 Juni

Tulienda kumpokea wote. Hata mama mkwe.

Alishuka kwenye basi la kutoka mpakani Sirari wa mwisho, kwa upande, ameshika mlango. Ni mkubwa. Sikuwa nimeelewa ukubwa ule. Watu walisimama barabarani. Mguu wa kulia hauendi vizuri, unakuja nyuma yake. Mama mkwe alimshika mikono yote miwili, akamwangalia goti.

Bwire alimwogopa. Alilia mpaka akatapika. Masatu akarudi nyuma kidogo, akajiweka mbali, akasema, "Mwache, mwache, ataniona pole pole." Nilimpenda pale kuliko siku ya harusi.

Jumatano, 23 Juni

Wageni wameisha. Wa kwanza walikuja kumshangaa, wa pili kuuliza ameleta nini. Ameleta begi la nguo na dawa za maumivu.

Hali chakula kingi. Nilijiandaa, nikaiahidi roho yangu kwamba nitampikia sufuria nzima. Anakula kama sisi, anasukuma sahani. Anasema amechoka kula.

Nimegundua kitu na nimekosa pa kukisema. Hawezi kwenda choo. Choo chetu ni cha shimo, cha wapangaji wote, na goti halikunji. Anangoja giza. Leo nilimkuta ameegemea ukuta wa nje, jasho linamtoka. Amejaribu kushuka akashindwa kuinuka. Mwanaume ambaye hakuna aliyeweza kumwangusha. Nilimvuta kwa kiuno. Nilienda kuchota maji nikalia kisimani, halafu nikanawa.

Ijumaa, 25 Juni

Nilienda kwa fundi seremala nikamwomba kiti. Nikamweleza kiwe kizito, miguu minene, na katikati kikatwe tundu la duara. Akaniuliza ni cha nini. Nikasema cha mgonjwa. Akasema mgonjwa gani mnene hivi, halafu akakumbuka, akaacha kucheka. Amesema kesho.

Mama mkwe alinisikia namwambia Masatu.

Jumamosi, 26 Juni

Kiti kilikuwa tayari asubuhi. Nilipofika kwa fundi hakikuwepo. Akaniambia mama ameshakichukua.

Nilikimbia. Niliwakuta wanawake wote wako uani, wanaosha, wanasuka, ndiyo saa yenyewe. Mama mkwe alikuwa ndio anaingia na kitu kikubwa kichwani, amekifunika kanga mbili, ameshika kwa mikono miwili. Kizito kile, umri ule. Wakamuuliza mama umebeba nini. Akasema mambo yangu. Akapita katikati yao, hakuharakisha, akakiweka chooni, akatoka akiwa na kanga zake tu. Akasimama mlangoni pa choo, mgongo kwenye mlango.

Akaniambia mimi, sio Bwire, "Mwambie mume wako aje. Mimi nipo hapa."

Masatu akapita uani mchana kweupe. Jirani mmoja alitaka kuingia kabla yake na kopo lake la maji. Mama mkwe hakusogea.

Nimekaa hapa kizingitini nachambua dagaa. Bwire ametembea mpaka kwa bibi yake, ameshika gauni lake. Wamesimama wote wawili, wanangoja.