Bukari Isiyo na Mkono Wako

Mtaa wa Kasulo,
Kolwezi.
14 Novemba 1993

Mpendwa Mama Mbelu,

Nakusalimu kwa heshima, mimi mke wa mwanao, Simone. Wajukuu wako Rachelle na Mianda wanakusalimu pia, nao wamesimama hapa mezani kuhakikisha nimeandika hivyo kabla ya jambo lingine lolote. Je, goti lako la kushoto linaendeleaje baada ya safari ile ya kukalia magunia? Kikohozi cha mwanao, mume wangu Tshibangu, kimepungua? Masudi, jirani yetu mfanyabiashara wa samaki, aliporudi na barua yenu alisema mmepata chumba Mwene-Ditu, na kwamba paa linavuja upande mmoja tu. Aliisema kama habari njema, nami nimeipokea hivyo.

Sisi ni wazima. Surua iliyomzuia Rachelle kupanda treni pamoja nanyi imekwisha. Yamebaki madoa machache shingoni. Mianda ameng'oka jino la mbele. Amelihifadhi ndani ya kopo la chumvi, akikusubiri ulirushe juu ya paa, kwa sababu anasema mimi sijui maneno yanayosemwa wakati wa kulirusha. Kweli siyajui.

Katika barua yenu mliuliza swali moja: tunakuja au tunabaki? Mlisema mnaweza kuvumilia jibu lolote, mradi liwe jibu. Nitalitoa. Lakini niruhusu kwanza nieleze tunavyokula, maana jibu lenyewe limetoka jikoni, mahali ambapo miaka yote ya ndoa yangu nilipita tu nikielekea kazini.

Nianze na asubuhi mliyoondoka. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba kwenu mke wa mwana hupika kwenye moto wa mama mkwe, mpaka mama mkwe mwenyewe amwashie wake. Hukuwahi kuniwashia, nami sikuomba. Kazi yangu ya redioni ilinitosha, na chakula chako kilitutosha sote. Asubuhi ile vijana walikuwa wanagonga milango ya upande wa pili wa barabara, wakiwafukuza mjini watu wa kabila lenu, Tshibangu anafunga godoro kwa kamba, na wewe ukainama uani ukajaza makaa kwenye mbabula. Uliyapepea mpaka yakashika, ukanipa mwiko. Ukasema, "Moto ni wako sasa. Usiache uzime." Kisha ukabeba mzigo wako kichwani ukaenda stesheni.

Nimewahi kusoma redioni habari za migomo, za mgodi kuporomoka na za vifo, na sauti haikunipotea. Siku ile ilinipotea kwa sababu ya mwiko.

Makosa yangu ya jikoni unaweza kuyakisia, lakini nayataja ili mcheke. Majani ya mihogo ya sombe ya kwanza niliyatwanga kidogo na kuyachemsha kidogo. Tulitafuna kama mbuzi. Dagaa niliwakaanga mpaka wakawa rangi ya makaa, Rachelle akawatenganisha na makaa yenyewe kwa uma. Siku nyingine nilibandika maharagwe nikaitwa kazini ghafla, nikamwambia Mianda aangalie nyungu. Niliporudi, moshi ulikuwa umefika kwa majirani, na yeye amekaa mbele ya mbabula, mikono mapajani.

"Mianda, maharagwe yameungua."

"Ndiyo, mama. Niliyaona yote."

Kampuni ya mgodi haigawi unga tena, na umeme unakuja na kuondoka utakavyo. Kwa hiyo pipa lako la kuloweshea mihogo lilitufaa sana. Mihogo uliyotuachia ndani yake niliitoa, nikaianika, tukaitwanga. Ilipokwisha nikanunua mingine, nikaimenya, nikailowesha. Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa. Zilikuwa siku za kazi nyingi, watu wanazidi kujazana stesheni wakisubiri mabehewa, na mimi nikaisahau mihogo majini. Ilioza. Harufu ikatoka uani, ikavuka barabara, ikaingia nyumba za watu wakiwa wanakula.

Najua Balunda, wenyeji wa hapa, nao hulowesha mihogo, na hata kwetu Lubudi wapo wanaolowesha. Lakini hapa mtaani kila mtu anajua pipa lile la bluu lilikuwa la nani. Kabla ya mwisho wa juma habari ilikuwa imeenea kwamba Mama Mbelu hakupanda treni. Kwamba mkwe wake, yule wa redio, amemficha chumba cha nyuma, na bibi kizee anaendelea na mihogo yake kama kawaida.

Walikuja mchana, tukiwa ndiyo tumeketi kula. Mlango ulikuwa wazi, kama mlivyozoea na kama tulivyozoea sisi. Tangu nikiwa mtoto sijaona nyumba ya watu ikifunga mlango wakati wa chakula. Walikuwa vijana wanne na fimbo zao. Aliyewaongoza ni Kabemba, yule mtoto wa nyumba ya kona aliyekuwa anapita hapa akienda shule, na wewe unampa mikate ya moto ndani ya karatasi. Sasa ana ndevu.

Alinisalimia vizuri. "Jambo, mama. Batu banasema ule mama muzee eko humu ndani."

"Karibu, tunakula," nilisema. "Chumba cha nyuma hakina kufuli."

Wawili waliingia, wakatazama chini ya kitanda na nyuma ya pazia. Kabemba alibaki amesimama juu yetu, anaangalia sahani. Bukari yangu ilikuwa pale katikati, ugali wa mahindi na mihogo, ile rangi ya udongo inayojulikana kuwa yenu. Mikono niliiweka mezani.

"Hii bukari, nani alipika?"

"Ni mimi."

"Mama, weye ni mutu wa Lubudi. Batu ba kwenu banakoroga mihogo na mahindi tangu lini?"

"Tangu watoto wangu walipozoea hivyo."

Aliinama, akamega tonge, akalichovya kwenye sombe, akalitia mdomoni. Alitafuna. Akaendelea kutafuna. Mama, nilimwona akijitahidi. Lile tonge lilikuwa bichi katikati na gumu pembeni, na linashika meno kama ulimbo. Mwisho alilimeza, akajifuta vidole kwenye suruali.

"Tokeni," aliwaambia wenzake. "Haiko hapa. Ule mama, hata bamufunge macho, hawezi kupika hii."

Mwenzake mmoja akacheka, "Basi ni sumu?"

"Ni ya huyu mama wa redio. Onja, utajua."

Mianda, ambaye ana miaka mitano na hajui kunyamaza, alisema, "Bibi yeye anapikaka muzuri." Rachelle alimkanyaga mguu chini ya meza. Kabemba alimtazama mtoto, fimbo imeegemea bega.

"Najua," alisema. "Ile mikate yake, mpaka leo sijapata mwingine wa kuipika."

Akatoka. Mlangoni aligeuka kidogo, akaangalia mbabula uani, mahali ulipokuwa unakaa, kisha akawafuata wenzake kwenye nyumba nyingine. Alasiri hiyohiyo nilisikia kwamba kule walikoingia walimtoa mzee Mutombo na mkewe.

Kwa hiyo upishi wangu mbaya ndio uliotuokoa. Nimemsimulia Amisa, mke wa Masudi, akacheka mpaka akakaa chini, halafu akalia. Mimi sikufanya lolote kati ya hayo mawili. Nilisugua nyungu.

Baada ya hapo nilipata ruhusa kazini nikawapeleka watoto Lubudi kwa kaka yangu Nkulu. Sitaki ufikiri kwamba sikujaribu njia hiyo. Nkulu ana shamba, ana nyumba ya matofali, ana moyo. Alinipa chumba na kuku wawili. Sharti lake lilikuwa moja: watoto waandikishwe shule kwa jina lake, na la baba yao liwekwe kando mpaka mambo yatulie. Alilisema taratibu, kama mtu anayekuonyesha mahali pa kupita mtoni. Mke wake alipika bukari ya mahindi matupu, nyeupe, laini, bila kosa. Rachelle alikula akashukuru. Mianda aliibonyeza kwa kidole.

"Ya kwetu iko wapi?"

"Kwenu ni hapa sasa," Nkulu alimwambia.

"Hapana, mujomba. Hapa ni kwako."

Watu wote walicheka, hata Nkulu. Lakini jioni ile Rachelle aliniuliza kama jina likiwekwa kando huwa linawekwa wapi. Siku iliyofuata tulipanda treni kurudi Kolwezi.

Sasa nikuambie jambo la juma lililopita. Ilikuwa Jumapili, sikuwa na kazi. Nilianza bukari kama kawaida, nimesimama, nyungu juu ya mbabula, nakoroga unga wote pamoja kwa nguvu kama mtu anayegombana. Rachelle alikuwa ananitazama kutoka kizingitini.

"Mama, Bibi hasimamaki."

"Anafanyaje?"

"Anaachaka mahindi yaive kwanza, yenyewe. Halafu anatoa nyungu kwa moto, anakaa chini, anashika nyungu na miguu. Ndiyo anatia mihogo."

Kumbe alikuwa anaona yote, miaka yote, mimi nikiwa redioni. Nikavuta kigoda chako, nikaketi, nikabana nyungu kwa nyayo kupitia kitambaa kama anavyosema. Nikatia unga wa mihogo kidogo kidogo, nikakoroga kuelekea kwangu. Mara unga ukaanza kuvutana. Ukawa mzito, ukang'aa, ukaachana na nyungu wenyewe, ukageuka pamoja na mwiko kama kitu kimoja. Mvuke wake ulipopanda usoni, Mama, ilikuwa harufu ya kanga yako. Niligeuka kukutazama. Hilo ni kosa ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja tangu muondoke.

Tuliitia sahanini, ikasimama mviringo. Mianda alimega, akatafuna, akanitazama kwa mshangao kana kwamba nimemdanganya muda wote huu. Wakati Rachelle ananyoosha mkono kwa tonge la pili, nikasikia watu wanapita barabarani wakizungumza, na mdomo wangu ukasema, kabla sijafikiri: "Rachelle, funga mlango."

Akaufunga. Tukala gizani kidogo, mchana, kama watu walioiba chakula chao. Kwa sababu sasa bukari ile ingeweza kutoa ushahidi dhidi yetu. Mtu yeyote akionja angesema mwenye bukari hii yuko ndani, na safari hii angekuwa amesema kweli, maana mwenyewe ni mimi, na hawa watoto wawili.

Hapo ndipo nilipopata jibu lenu. Tukibaki hapa, ni lazima niendelee kupika vibaya ili watoto wawe salama. Tukienda Lubudi, watakula vizuri lakini kwa jina la mtu mwingine. Redioni wanasema ninyi mmerudi kwenu. Wewe uliingia Kolwezi ukiwa msichana, ukazalia hapa, ukamzika mumeo hapa. Mwene-Ditu huna hata mti uliopanda. Najua kwamba huko nako wapo watakaowauliza watoto hawa lugha yao ya mama ni ipi, na mama yao ni mimi. Najua paa linavuja. Nimeyapima yote hayo.

Tunakuja.

Masudi ametupatia nafasi kwenye behewa la magunia yake ya samaki, treni ikipangwa, pengine kabla ya Krismasi. Kazini nimeshaaga. Nyumba nitamwachia Amisa ufunguo, na pipa la bluu nitamwachia pia, kwa kuwa behewani hakuna nafasi yake. Mbabula nitaibeba. Treni itasimama Lubudi, na Nkulu ameahidi kuja stesheni na mahindi mapya. Hana kinyongo, alisema tu kwamba nina kichwa kigumu kama cha mama yetu.

Nisalimie Tshibangu, umwambie shati lake la kazini Rachelle amelifua na kulikunja. Msalimie dada yake Mbuyi na watoto wake, na mama mwenye nyumba aliyewapokea, ambaye sijamjua jina lakini namwombea mema. Masudi na Amisa wanawasalimu. Mungu awatunze, awape mvua ya shamba na si ya kitandani.

Nina ombi moja. Lowesha mihogo, uitoe kwa wakati wake, maana wakati wake mimi bado siujui. Lakini siku tutakayofika usipike. Kaa, pumzisha goti, urushe jino la mtoto juu ya paa. Nitawasha mbabula mwenyewe, nitakaa chini kama nilivyofundishwa, na mlango utakuwa wazi.

Ni mimi mke wa mwanao, akupendaye kwa dhati,

Simone