Kofia ya Wambui Iliyogoma Juu ya Masikio

Ijumaa, Waithaka. Manyunyu tangu asubuhi na baridi ya Julai, ile inayopita koti ikatafuta mfupa. Jua halijaonekana na mimi sijalitafuta. Nilikuwa na kazi.

Mjukuu wangu Wambui anasafiri kesho jioni kwenda Kanada, kazi ya kutunza wazee. Nilimwambia hata hapa wazee tupo. Akacheka, lakini safari iko pale pale. Yeye ndiye aliyenifungulia hii blogu kwa simu na kunionyesha pa kubonyeza, na ndiyo maana naandika kwa kidole kimoja. Shule niliiacha mapema. Lakini mambo ya kufuma, hapo hajazaliwa wa kunifundisha.

Kwa wasionijua, mimi ndiye nilikuwa fundi wa sweta za shule upande huu wote wa Dagoretti. Ukiona mtu mzima anapita hapa na tai yake, kama alisomea hapa, kile kifua nilikipima mimi. Futi ya nambari sikuwahi kuitaka. Napitisha kamba, nafunga fundo, basi, hicho ndicho kipimo chako. Na miaka hiyo yote sikuwahi kufumua kazi. Wengine hufuma, wakafumua, wakafuma tena, kama mtu aliyepotea njia gizani.

Mimi sifumui.

Jumapili baada ya kanisa niliamua Wambui hataenda kwa theluji na kichwa wazi. Mama yake anasema huko sasa ni joto, lakini mimi nikisikia Kanada nasikia theluji. Nywele zake za zamani alikuwa amezifumua, amebaki na matuta madogo yaliyolala kichwani. Nikamjia kwa nyuma na kamba yangu.

"Guka, unafanya nini?" Guka ni babu, kwa lugha ya nyumbani.

"Naangalia kama una homa."

"Kwa kamba?"

"Kaa kimya, utaharibu."

Nikafunga fundo. Sawasawa juu ya masikio, bila kuongeza hata unywele. Kichwa cha mtu mzima hakikui, nilijiambia.

Jumatatu nikaenda mjini kwa maduka ya uzi. Msichana wa duka akaniambia, "Mzee, uzi nene ya mavin imeisha. Kuja wiki ijayo." Mavin ndiyo hiyo kofia ya sufu ya kuvuta mpaka masikioni. Wiki ijayo mtoto atakuwa ameshaganda huko! Nikamwambia anipe tu uzi mwembamba, wa kijivu, mabunda matatu. Akauliza nataka kufuma nini na uzi wa sweta za watoto. Fundi hajielezi dukani.

Siri ni hii, na nawapa bure. Shika nyuzi tatu kwa pamoja, uzifanye uzi mmoja. Sindano ziwe nene. Zile nyembamba za spoku ya baiskeli ni za sweta, ziweke kando. Zangu nilizichonga mwenyewe kwa mwanzi, nikazipiga msasa mpaka zikateleza kama sabuni. Unaanza na ukingo wa mbavu, jicho moja (kitanzi cha uzi) ndani na jicho moja nje, ndio utashika masikio. Halafu unapanda wazi wazi. Ukikaribia utosi unapunguza macho, unapitisha uzi kwa yale yaliyobaki, unavuta kama mdomo wa mfuko, unashona mgongo. Kofia nzito hukaliwa mara moja tu. Unakaa chini na chai, na kabla chai ya pili haijachemka umemaliza.

Nikamaliza. Ilikuwa kofia, si mchezo. Hata Shikuku aliisifu, na huyo ni mpangaji wangu, fundi wa viatu kutoka Kakamega, mtu asiyesifu kitu chochote isipokuwa ugali wa kwao.

Sasa jana Wambui akatoka asubuhi. Hakuna aliyeniambia anaenda wapi, na mimi siulizi watoto wa watu wanakoenda. Kumbe alikuwa Kenyatta Market anasukwa. Msichana wa hapa hawezi kupanda ndege kabla ya kusukwa. Wanasema huko ng'ambo mtu wa kukushika kichwa ni wa kutafutwa kwa tochi, kwa hivyo wanasuka hapa za kuwapeleka miezi. Wanawake watatu walimzunguka kutwa nzima. Akarudi na rasta nene nyeusi mpaka kiunoni, amezifunga juu kama kitita cha kuni.

Leo asubuhi nikampa kofia mbele ya mama yake na Shikuku. Akaipokea kwa mikono miwili, akaivaa.

Haikushuka.

Ilikaa kule juu kama kifuniko cha chupa. Akafungua kile kitita, rasta zikaanguka mgongoni, akajaribu tena. Ikafika juu kidogo ya masikio ikagoma. Akavuta. Ikaruka ikamtoka.

"Mzee," Shikuku akasema, "hiyo ulimfumia huyu ama kuku wangu?"

"Kofia iko sawa," nikasema. "Ni kichwa kimebadilika."

"Kichwa cha watu kinabadilika aje, Guka?"

"Toa hizo nywele uone kama haitaingia."

"Guka! Nimekaa kwa kiti cha msusi mpaka nikasahau kama nina miguu. Nitoe?" Halafu akaigeuza kofia, akauangalia ule mshono wa nyuma. "Si uifumue tu kidogo hapa?"

"Sifumui."

Mama yake akainua macho akanitazama, akayashusha. Wambui hakubishana. Afadhali angebishana. Aliikunja kofia vizuri, akaiweka kwa meza, akanishika bega kama vile ameshaanza ile kazi yake ya wazee.

"Si neno, Guka. Nitanunua huko."

Nitanunua huko.

Nikatoka nje nikakaa barazani na kofia mfukoni. Manyunyu yananyesha, Shikuku anagonga soli. Nilikuwa na hasira na Kenyatta Market yote, na wale wanawake watatu nisiowajua, na Kanada.

Halafu nikakumbuka kina mama wa zamani. Walikuwa wakileta watoto wa darasa la kwanza, na wote wanasema neno moja: "Fundi, fuma kubwa, atakua." Na mimi nilikuwa nafuma kubwa. Sweta ya kwanza ya Wambui ilimfika magotini, mikono imekunjwa mara nyingi mpaka akawa kama amevaa mikate mikononi. Aliivaa mpaka ikamtosha, akaivaa mpaka ikambana. Kila mtoto wa Dagoretti niliyemfumia nilimwachia nafasi, hata wale nisiojua majina yao.

Huyu wangu, anayeenda mbali kuliko wote, nilimfungia fundo barabara.

Nikatafuta mwisho wa uzi kwenye mshono. Nikavuta.

Shikuku akaacha kugonga. "Mzee. Unafumua?"

"Nalegeza uzi."

"Huko ni kufumua."

"Rudi kwa viatu vyako."

Sitawadanganya, ilikuwa vigumu mpaka utosi ulipofunguka. Baada ya hapo ilishuka haraka kuliko ilivyopanda. Nikabaki na uzi wa kijivu uliojikunja kunja mapajani kama tambi za kuchemshwa.

Nikamwita Wambui aje aketi kwa kigoda mbele yangu. Nikapitisha kamba juu ya rasta zote, nikafunga fundo la pili. Halafu nikafanya kitu sijawahi kumfanyia mteja. Nikamuuliza.

"Utazivaa zikiwa zimefungwa ama zimeachiliwa?"

"Zimeachiliwa, Guka."

"Unataka ibane ama ilegee?"

"Ibane kwa masikio tu."

Nikaongeza upana wa kidole juu ya fundo, kwa ajili ya upepo wa huko. Nilipopima uzi kwa jicho nikaona hautafika utosini. Kwenda mjini tena, hakuna muda. Nikafungua sanduku langu la zamani nikatoa bunda la marun, ule wekundu uliokolea, lililobaki siku za sweta, na ukingo wa mbavu nikaufuma kwa hilo. Wambui alikaa hapo hapo ananishikia mabunda yasibiringike. Mama yake akaleta chai.

Aliugusa ule ukingo. "Hii si ni rangi ya shule yetu?"

"Ni uzi tu," nikasema.

Safari hii ilishuka. Ikapita rasta, ikapita masikio, marun ikakaa pale pale kwenye nyusi. Shikuku akaizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe, akatafuta kasoro, akarudi kwa viatu vyake. Hiyo peke yake ilitosha kunilisha mpaka jioni.

"Lakini Guka, nikifumua nywele itakuwa kubwa."

"Ikilegea utaileta nipunguze."

"Kutoka Kanada?"

"Kwani nimesema uitume na mtu? Uilete."

Akaivuta mpaka ikafunika macho. Nilimwacha. Nilikuwa na chai yangu ya kumaliza.

Kwa hivyo sasa mmejua, na msimngoje Shikuku awaambie kwa njia yake. Nimefumua mara moja maishani, na nilifumua vizuri.

Kesho nitamsindikiza uwanja wa ndege, na nimemwambia aivae kuanzia hapa nyumbani, baridi hii inatosha. Kamba nimeitundika kwa msumari karibu na mlango, na mafundo yake mawili. Lile la kwanza, la kichwa kidogo, sijalifungua. Siku akirudi na matuta yake, nitajua pa kupunguza.